Madame Orpa Ajifunza Kunong'ona

Ukitaka kufika shuleni kwetu, usiulize njia. Shuka kwenye pikipiki pale barabara inapotoka Butembo na kuanza kupanda kuelekea Musienene, mwambie dereva azime injini, kisha usikilize. Kabla hujamaliza kufuta vumbi usoni utasikia jina la mtoto fulani likiitwa na kosa lake likitajwa, na kama mtoto huyo ni wako utajua papo hapo mtazungumza nini jioni. Huyo ni Madame Orpa. Fuata sauti.

Mimi naitwa Malachie, mwalimu wa darasa la tatu. Nimefundisha hesabu chini ya sauti hiyo jinsi watu wengine wanavyofundisha karibu na mashine ya kusaga mihogo. Unazoea. Kazi ya Madame Orpa ni nidhamu: lango ni lake, kengele ni yake, mistari ya asubuhi ni yake, na mbuzi wa jirani wanaoingia uwanjani nao ni wake, kwa maana kwamba wanamtii. Ni mwanamke mfupi, wa kitenge safi na viatu vya plastiki, na ukimwona amenyamaza utafikiri ni mpole. Lakini nani amewahi kumwona amenyamaza?

Kanisani kwao walimjaribu kwenye kwaya, Jumapili moja tu. Mchungaji wao ni mtu wa busara. Alimshukuru mbele ya waumini wote, akampa kazi ya kupokea wageni mlangoni, na tangu hapo hata Wakatoliki wanaopita kwenda kwenye misa yao hujikuta wamekaribishwa. Mume wake, baba Kitsa, analima viazi ng'ambo ya bonde. Ana simu, lakini sijui ni ya kazi gani. Chakula kikiiva anaitwa kutoka upande huu, na majirani wa upande ule wanajua leo kwa Kitsa wanakula sombe au maharagwe.

Nimtendee haki: fimbo haikuwa yake. Alipaza sauti kwa kila kitu, kwa kukaripia na kwa kusifu vilevile. Mtoto akichelewa, mlima wote ulijua. Mtoto akipata alama nzuri, mlima wote ulijua pia, na mama yake alipongezwa sokoni kabla hajaambiwa habari yenyewe. Isipokuwa jambo moja. Kosa likiwa kubwa kweli, la kuitiwa wazazi, Madame Orpa alikuita karibu, akainama, akasema nawe polepole, kwa sauti ya chini. Watoto wetu walijua hilo kuliko walivyojua meza ya pili ya kuzidisha. Kelele za Madame Orpa zilikuwa za kila siku, lakini Madame Orpa akisema polepole, umekwisha.

Basi akaja Bénite.

Shangazi yake alimleta mwanzoni mwa muhula, mtoto wa miaka minane au tisa, aliyetoka kijiji kimoja upande wa Beni baada ya watu wa huko kukimbia usiku. Shangazi hakusema mengi. Watu wa huku hatuhitaji kuambiwa mengi. Kila familia ina mgeni wa namna hiyo jikoni. Aliandikishwa darasani kwangu, nikampa nafasi kwenye benchi la mbele, nikamwandalia na chaki. Hakuingia. Alisimama langoni siku nzima, karibu na Madame Orpa, akitazama viatu vyake. Hakulia na hakujibu. Ukimshika mkono kumwelekeza darasani, anakuwa mzito kama gunia la viazi.

Baada ya muda alihama lango akakaa chini ya mti wa avoka katikati ya uwanja. Kisha siku moja nikamkuta chini ya dirisha langu, amekaa juu ya jiwe, akiandika kwenye udongo kwa kijiti zile hesabu nilizokuwa naandika ubaoni. Nilifurahi, nikaanza kufundisha nimegeukia dirisha, mpaka darasa likalalamika kwamba haliuoni ubao.

Mkurugenzi wetu, Monsieur Éphraïm, hakufurahi. Ni mtu mzuri, ila ana ugonjwa wa kutaka mambo yaonekane vizuri kutoka barabarani, na mtoto anayekaa nje juu ya jiwe anaonekana vibaya kutoka barabarani. Alituita ofisini, mimi na Madame Orpa.

"Donc," alisema, maana kila neno lake huanza hapo, "huyu mutoto anaogopa kuingia juu ya makelele yako, Madame. Batoto ba Beni balisikia makelele mingi. Alafu anafika hapa, anakukuta weye."

Nilimtazama Madame Orpa nikitarajia paa ling'oke. Hakupaza sauti. Aliweka mkono kifuani.

"Miye?" aliuliza. "Mi njo natisha mutoto?"

"Sauti yako, Madame. Haiko weye."

Sijawahi kuona mtu akiumizwa namna ile na neno moja. Miaka yote alidhani sauti yake ndiyo ukuta wa shule hii, maana ukuta mwingine hatuna. Alitoka bila kuaga, na adhuhuri hiyo kengele ililia nusu tu.

Ndipo ikaja barua ya mwaliko wa mafunzo mjini Beni, ya kuwafundisha watu wa shule namna ya kuwasaidia watoto waliopatwa na mambo mazito. Nafasi zilikuwa mbili, yaani ya mkurugenzi na ya mtu mwingine. Madame Orpa alisema atakwenda yeye, hata kama ni kwa miguu. Mimi sikwenda. Ninayoyajua niliambiwa na hao wawili, kila mmoja kwa upande wake, na pale walipopingana nimechagua linalochekesha zaidi.

Mwalimu wao huko alikuwa Mademoiselle Solange, msichana wa miwani, mzaliwa wa Beni mwenyewe. Asubuhi aliwafundisha kupumua. Fikiria umeshika kikombe cha uji wa moto, alisema; nusa uji polepole kwa pua, kisha uupulize upoe. Ukumbi mzima wa watu wazima, wengine wenye mvi, ukanusa uji usiokuwepo. Monsieur Éphraïm alipuliza wa kwake kwa bidii hivi kwamba alipata kizunguzungu, akaletewa kiti na uji wa kweli.

Baadaye wakaigiza. Mmoja awe mtoto anayekataa kuingia darasani, wengine wawe walimu wa kumsaidia. Monsieur Éphraïm alijitolea kuwa mtoto. Nasikia aliigiza vizuri kupita kiasi. Alijikunja nje ya mlango, akakataa kwa Kiswahili, kwa Kifaransa na kwa Kinande, walimu wakashindwa naye mmoja baada ya mwingine, na muda wa mchezo ulipokwisha hakutaka kuacha. Ilibidi aambiwe chakula kiko tayari.

Na hapo kwenye chakula ndipo mambo yalipoharibika, ingawa hakuna aliyejua. Wenzao walipokwisha kula walitoka nje ya ua kutafuta mishikaki na maneno. Saa ya kuendelea ilifika. Mademoiselle Solange akaanza somo na ukumbi nusu. Madame Orpa alivumilia kidogo, mikono ikimwasha. Kisha akainuka, akaenda langoni, akalifunga, akasimama.

Ndivyo alivyo. Mpeleke popote duniani, akiona lango na watu waliochelewa, kazi imemkuta. Aliwapanga mstari kwa urefu. Mkurugenzi mmoja wa kutoka Lubero, mzee wa watu, aliambiwa aingize shati ndani ya suruali, akaingiza. Mwingine alijaribu kueleza kwamba yeye ni mkaguzi wa zamani. Akaambiwa asimame nyuma ya yule mrefu. Waliingia mmoja mmoja, baada ya kuomba msamaha kwa sauti ya kusikika. Madame Orpa alipoingia wa mwisho, akiwa ameridhika, Mademoiselle Solange alikuwa anakunja karatasi zake kubwa za ukutani. Somo lilikuwa limekwisha.

"Balisema nini?" Madame Orpa alimuuliza Monsieur Éphraïm.

Monsieur Éphraïm alikuwa bado anatengeneza kadi yake ya jina, ile ya kuvaa shingoni, kadi ambayo angeivaa mpaka sikukuu ya Noeli.

"Donc, balisema mingi. Mais ni ile ile. Kusema polepole na batoto."

"Njo ile tu?"

"Njo ile tu."

Madame Orpa akarudi nalo neno hilo Butembo kama mtu anayebeba yai.

Siku ya kwanza baada ya mafunzo, watoto walijipanga wakingoja kungurumiwa. Madame Orpa akaja mbele yao, akaunganisha mikono tumboni, akasema kwa sauti niliyoisikia kwa shida nami nikiwa mstari wa mbele:

"Bonjour, batoto bangu bapendwa."

Uwanja ukafa ganzi. Mtoto mmoja wa darasa la kwanza alianza kulia. Darasa la sita, ambalo lina dhambi nyingi, lilitazamana. Kisha kijana mmoja akatoka mstarini bila kuitwa, akakiri kwamba ni yeye aliyevunja kioo cha ofisi. Kioo hicho sote tuliamini kilivunjwa na upepo. Akafuata mwingine, aliyeiba avoka. Akafuata msichana aliyejificha chooni wakati wa mtihani wa dini. Madame Orpa aliwashukuru wote, polepole, akiwaita wapendwa, na kila neno la upendo liliongeza hofu. Darasani kwangu wiki hiyo hesabu zilifanywa vizuri kuliko wakati wowote. Hakuna aliyethubutu kukosea.

Nyumbani kwake hali ilikuwa mbaya zaidi. Baba Kitsa alinijia jioni, kofia mkononi.

"Mwalimu, mi nilifanya nini?" aliniuliza.

"Sijui, baba Kitsa. Ulifanya nini?"

"Bibi ananiita, 'Kitsa, mupenzi, chakula iko tayari,' vile, mu sikio. Alitembea mupaka ku shamba kuniita! Miaka yote hii hakuya ku shamba kuniita. Nimekosa, mwalimu. Mais siyuye kosa."

Nilimwambia ni mafunzo. Hakuniamini. Alimwendea shemasi wa kanisa aje kumwombea mkewe, akatengeneza paa la jikoni lililokuwa likivuja tangu mvua za zamani, akapaka rangi mlango. Mbuzi wa jirani, wao, walielewa mapema kuliko wote. Waliingia uwanjani wakala maua ya mkurugenzi, na Madame Orpa alipowasihi kwa upole waliendelea kutafuna wakimtazama usoni.

Nami ningecheka mpaka leo kama isingekuwa Bénite.

Siku ile ya kwanza ya upole, Bénite hakuwa chini ya dirisha langu. Alikuwa amerudi chini ya mti wa avoka. Madame Orpa alipomwona, akadhani bado sauti yake ni kubwa, akaipunguza. Baada ya siku chache mtoto akarudi langoni. Madame Orpa akaipunguza tena, mpaka ikawa pumzi tu na midomo inayocheza. Mtoto akatoka langoni kabisa, akavuka barabara, akakaa katikati ya shamba la maharagwe la watu, amejificha mpaka kichwa. Shangazi alikuwa anamleta asubuhi na kumkuta humo jioni.

Kila adhuhuri nilimwona Madame Orpa amesimama ukingoni mwa shamba lile na kikombe cha uji wa kweli, akinong'ona. Ukiniuliza, nilikuwa nimeanza kukasirika. Nilikasirikia mafunzo, mkurugenzi, wale waliomkimbiza mtoto kutoka kwao, na hata maharagwe. Mwanamke yule alikuwa ametoa kitu pekee alichokuwa nacho, na kila alivyotoa ndivyo mtoto alivyozidi kwenda mbali.

Kisha Monsieur Éphraïm akapata habari kwamba Mademoiselle Solange atakuja na mkaguzi kuona matunda ya mafunzo. Akamwita Madame Orpa mbele yangu.

"Donc, kama mutoto haingie mu classe siku ile bageni banakuya, mi namurudisha kwa shangazi yake. Ataanza tena mwaka ijayo. Hatuwezi kuonyesha bageni mutoto mu maragi."

"Mwaka ijayo hatakuya tena," Madame Orpa alinong'ona. "Akirudi kwa shangazi atapewa mutoto ya kubeba ku mugongo, njo masomo imeisha. Unayua vile."

"Nayua. Mais nifanye nini?"

Nilimkumbusha kwamba yeye mwenyewe kule Beni alikataa kuingia darasani mpaka alipoitiwa chakula. Akasema ule ulikuwa mchezo. Nikasema nimesikia mchezo huo haukutaka kwisha. Akaniambia niende darasani kwangu, na nilikwenda, lakini niliufunga mlango wake kwa nguvu.

Wageni walikuja siku ya mawingu. Mkaguzi alivaa koti na kubeba mwavuli. Mademoiselle Solange alivaa buti, kwa sababu ni mtu wa huku na anajua udongo wetu. Mkurugenzi aliwaonyesha maua yaliyobaki. Madame Orpa alikuwa ameshavuka barabara tangu asubuhi, na kutoka dirishani kwangu nilimwona ukingoni mwa maharagwe, amechuchumaa, midomo ikicheza.

Mvua ya kwetu haibishi hodi. Ilianza na matone machache mazito, kisha ghafla ikawa mvua ya mawe. Kama hujawahi kukaa chini ya mabati wakati mawe ya barafu yanapopiga, sina la kukueleza, ila kwamba mwalimu hufungua kinywa na asijisikie mwenyewe. Darasa langu liliingia chini ya madawati lote kwa pamoja. Nina watoto wengine wa upande wa Beni mle ndani, na hao hawakuingia chini ya dawati kwa mchezo. Walishika vichwa. Nilipiga kelele, "Pulizeni uji! Pulizeni uji!" na hakuna aliyenisikia, nikabaki nikipuliza peke yangu.

Nikatazama nje. Bénite alikuwa ameinuka kutoka kwenye maharagwe na anakimbia. Hakukimbilia kwetu. Alikimbia kuteremka, kuelekea bondeni, kule ambako kijito kikijaa hubeba hata magogo. Madame Orpa alikuwa amerudi langoni kujikinga na sasa amemwona. Nikaona midomo yake inasema Bénite, mpenzi, Bénite. Polepole, kama alivyofundishwa. Mkurugenzi alisimama barazani pamoja na wageni, kadi yake shingoni, akitazama.

Kisha nikamwona Madame Orpa akijaza kifua.

"BÉNITE!"

Sitasema sauti ilishinda mvua. Ila niliisikia mimi, niliyekuwa sijisikii mwenyewe. Mwavuli wa mkaguzi ulianguka.

"BÉNITE! NI MVULA! NI MVULA YA MABWE TU! BALE BATU HABAKO! MI ORPA NIKO KU PORTAIL! NIKO KU PORTAIL! KUYA KU SAUTI! UNASIKIA? MI NIKO HAPA, SITOKI!"

Ng'ambo ya bonde mlango wa kibanda cha shambani ulifunguka, akatokea baba Kitsa, amesimama kwenye barafu bila kofia, mikono juu. Aliniambia baadaye kwamba alijua wakati huohuo kuwa amesamehewa.

Na mtoto akasimama. Nilimwona akigeuza kichwa huku na huku kama mtu anayetafuta redio inalia wapi. Madame Orpa hakumkimbilia. Sijui ni nani alimfundisha hilo, maana mafunzoni hakulisikia. Alibaki palepale alipokuwa amesema yuko, akiendelea kupaza sauti, lango, lango, mi niko ku lango. Bénite akapanda. Alianguka, akainuka, akapanda. Alivuka barabara amejaa barafu nyweleni, akapita langoni, akashika kitenge cha Madame Orpa kwa mikono yote miwili.

Wakaja hivyo uwanjani, na Madame Orpa akitangaza njia nzima:

"SASA TUNAPITA KU AVOKA! SASA TUKO KU DIRISHA YA MALACHIE! SASA NI MULANGO! MULANGO ITABAKI WAZI! TUNAINGIA!"

Wakaingia. Nanyi mtaniona mwongo, lakini darasa langu lilianza kutoka chini ya madawati mmoja mmoja, nyuso zikiwa zimepoa. Madame Orpa alikuwa anapiga makelele. Basi dunia ilikuwa imerudi mahali pake. Bénite alikaa kwenye benchi la mbele, pale nilipomwandalia tangu mwanzo wa muhula. Chaki ilikuwa bado ipo.

Mvua ilipopungua, Mademoiselle Solange alikuja akachuchumaa mbele yake, sio karibu sana, akamuuliza kwa utaratibu.

"Bénite, unaweza kutuambia? Kule mu maragi, uliogopa nini?"

Tulikuwa hatujawahi kusikia sauti ya mtoto huyu. Ilikuwa nzito kidogo, kama ya mtu mwenye mafua.

"Madame alianza kusema polepole," alisema.

"Njo ilikutisha?"

Mtoto akatikisa kichwa kwamba ndiyo. Alikuwa bado ameshika kitenge.

"Ile bushiku tulikimbia, mama alisema tuseme polepole. Alikuwa nasema polepole, polepole, mu giza. Kisha sikumusikia tena. Siyuye alienda upande gani." Akamtazama Madame Orpa. "Weye, unapiga makelele. Nayua fasi uko."

Madame Orpa alikaa kwenye benchi, benchi la watoto, magoti yakamfika kifuani, akalia. Hata kulia polepole hajui. Nami nililia, na siombi radhi. Mkaguzi alikwenda kuokota mwavuli wake na akachukua muda mrefu.

Kisha Madame Orpa akajifuta kwa ncha ya kitenge, akamgeukia Mademoiselle Solange.

"Mais, mamzelle, kule Beni mulisema tuseme polepole."

"Tulisema, mbele ya yote, muulize kwanza mutoto nini inamutisha. Kila mutoto iko na yake. Ile sehemu ya mangaribi, baada ya chakula. Hukusikia?"

Madame Orpa akageuka. Akamtazama mkurugenzi. Mkurugenzi akatazama kadi yake, akaigeuza, akasoma upande wa nyuma ambao hauna maandishi.

"Nilikuwa ku portail," alisema Madame Orpa.

"Donc," alisema Monsieur Éphraïm. Alikohoa. "Donc, mutoto ameingia mu classe."

Tangu siku hiyo shule yetu ina utaratibu ambao nadhani hauko kwenye karatasi za mtu yeyote. Madame Orpa akihama mahali, anatangaza. Niko ku kengele. Niko ku jikoni. Sasa naenda ku choo. Hilo la mwisho mkurugenzi alimwomba aliache, akakataa, na mlima wote umezoea. Darasani Bénite hainui hata kichwa. Anaandika. Mbuzi wamerudi kwao. Baba Kitsa anaitwa tena kutoka upande huu, na amerudi kuwa mtu asiyepaka rangi kitu chochote. Watoto wengine, wale wanaotishwa na kelele kweli, tunao pia, wawili. Hao tuliwauliza, na Madame Orpa akiwapitia hukaza mdomo mpaka mishipa ya shingo inamtoka. Inamuuma, lakini anafanya.

Wiki iliyopita alishuka sokoni kununua viazi, birayi kama anavyoviita, vya jikoni ya shule. Aliaga kwa desturi yake: naenda ku soko, narudi mbele ya saa sita. Saa sita ikafika, ikapita. Nilikuwa ubaoni. Nikamwona Bénite ameweka kalamu chini, ameinuka, anakwenda mlangoni ambao huwa hatuufungi. Nilisema moyoni, basi, ameanza tena. Watoto wote walimtazama.

Alisimama kizingitini, akajaza kifua, nami nilikijua kifua hicho kimejazwa kwa mfano wa nani.

"MADAME ORPA! MI NIKO MU CLASSE!"

Sikujua kwamba sauti kama hiyo inaweza kukaa ndani ya mtoto mwembamba vile. Mbwa walibweka. Monsieur Éphraïm alitoka ofisini mbio. Kisha sote tukasikiliza, hata wale watundu wa nyuma, na kutoka chini kabisa, sokoni, katikati ya watu na magunia, ikapanda:

"NIMESIKIA, BÉNITE! NIKO KU BIRAYI, NAKUYA! RUDI UKAE!"

Akarudi akakaa. Tulikuwa kwenye meza ya saba.